Sita Kasoro Robo

Pale kwenye mashine ya kusaga walimwita Mizani, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kupokea mahindi ya watu, kuyapima, kisha kuyamimina kwenye mdomo wa mashine. Miaka saba ya kunyanyua mifuko iliifundisha mikono yake kusoma. Ukimkabidhi mfuko, kabla hajauweka kwenye mizani atakwambia, "Kumi na moja na robo, mama," na mshale nao unakwenda kusimama hapo hapo. Wabishi walikuwepo, wabishi hawakosekani duniani, lakini wote waliishia kubeba unga wao na kwenda zao kimya.

Basi mwanamke huyu, mwenye mikono hiyo, ndiye aliyedanganywa uzito wa mtoto wake mwenyewe. Na aliyemdanganya hakutoka mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, mhudumu wa kupima watoto kwenye zahanati ya mtaani. Wifi huyu ndiye aliyemshika mkono siku ya kujifungua, ndiye aliyemfundisha kunyonyesha, ndiye aliyemsisitizia, "Kliniki usikose hata mwezi mmoja." Hakukosa. Kila akifika alikuta mabenchi yamejaa akina mama, na wifi akamchomoa pale pale. "Wewe ni wa nyumbani bwana, foleni ya nini?" Alimchukua mtoto, akaingia naye kwa mlango wa nyuma, na kabla mama hajakaa vizuri karudi naye pamoja na kadi. Mstari wa uzito ulipanda kama ngazi. Saba. Saba na robo. Saba na nusu. Mizani alirudi nyumbani kifua mbele.

Mama mkwe ndiye aliyeanza kusema. Asubuhi moja alimnyanyua mjukuu wake, akakunja uso. "Huyu mtoto mbona mwepesi?"

Mizani akamletea kadi. "Tazama, mama. Binti yako mwenyewe kaandika."

Mama mkwe hakujua kusoma, akamrudishia kadi. Wifi alipoulizwa alicheka tu. "Wazee hawa wanataka mtoto awe gunia. Kwani upande wenu si wembamba nyote?" Yakaisha.

Na Mizani mwenyewe, hakuhisi? Alihisi, tusidanganyane. Kila akimbeba mgongoni mikono ilimwambia jambo, naye akaiambia inyamaze. Kadi imeandikwa na mtu wa kazi hiyo, tena ndugu. Mikono yake ilikuwa ya mahindi.

Mtoto alikuwa na miezi tisa siku fundi cherehani mmoja, mtu wa maneno mengi, alipomtania mbele za watu. "Haya Mizani, na huyo wa mgongoni kilo ngapi?"

Watu wakacheka. Yeye naye, huku akicheka, akamfungua mtoto, akamnyanyua kwa mikono miwili, na mdomo ukajibu kabla hajafikiri. "Sita kasoro robo."

Kicheko kikamkauka. Akatandika kitambaa safi juu ya mizani, akamweka mtoto. Mshale ukasimama kwenye sita kasoro robo. Akamtoa, akasubiri, akamweka tena. Hapo hapo.

"Hii ina muhuri wa ukaguzi," mwenye mashine alisema kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi.

Alitoka vile vile na vumbi la unga kichwani, mtoto mgongoni, hadi zahanati. Siku hiyo hakwenda mlango wa nyuma. Alipita kwenye mabenchi, kati ya akina mama waliosubiri chanjo, akaingia chumba cha kupimia. Kwenye ndoano ya kutundikia mizani ulining'inia mkoba wa wifi yake.

"Mizani iko wapi?"

Wifi alifunga mlango kwanza. "Iliharibika. Tumeandika barua, tunaambiwa mpya iko njiani."

"Tangu lini?"

"Kaa kwanza, wifi."

"Tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tano sasa."

"Na hawa wa nje?"

"Hao nawaelekeza kituo cha ng'ambo ya barabara kuu, wakapimiwe huko. Ni mbali, na jua lote hili. Sikutaka wewe uhangaike na kazi yako ile. Nikawa nakadiria."

Hapo ndipo palipomchoma. Watu baki waliambiwa ukweli, wakatembea, watoto wao wakapimwa. Ndugu ndiye aliyepewa uongo, tena kama zawadi. Angekaa foleni siku moja tu, angesikia kwa wenzake.

Hospitali kubwa, muuguzi alisoma kadi akamtazama. "Kwa kadi hii mtoto hana shida, dada."

"Kadi iweke kando. Mshike mtoto."

Muuguzi alimshika, akaenda kumwita daktari. Utapiamlo mkali, daktari alisema, na kifua juu yake. Angeletwa miezi mitatu nyuma ingekuwa kazi ndogo. Sasa tupambane.

Siku ya tano wodini wifi alifika na chupa ya uji. Alilia sana, akaomba msamaha, na machozi hayajakauka akauliza, "Kaka umeshamwambia? Wakijua kazini, mimi sina kazi."

Mizani akamweka mtoto mikononi mwake. "Kilo ngapi?"

Wifi akamvuta mtoto kifuani.

"Miezi mitano umembeba kumpitisha mlango wa nyuma. Mikono yako haikukuambia kitu?"

"Iliniambia," wifi alisema mwishowe.

"Yangu pia. Niliinyamazisha kwa ajili yako."

Akamchukua mtoto wake. Muuguzi alikuwa akiita akina mama wa kupimisha, na tayari sita walikuwa wamejipanga ukutani. Mikono ilimnong'oneza Mizani kwamba kuna gramu chache zimeongezeka. Safari hii aliisikiliza, ila mshale alitaka auone kwa macho yake.

Wifi alijifuta uso, akatangulia mbio mbio. "Ngoja nikaongee nao, wifi, wakupitishe mbele."

Mizani hakugeuka. Alisimama nyuma ya yule mama wa sita, akangoja zamu yake.