Soli za Jenerali Suruali

Jina lake halisi lilikuwa refu, likitanguliwa na vyeo vitatu, lakini katika bonde la Namling kila mtu alimwita Jenerali Suruali. Alikuja kutoka Uchina na mizinga minne na sheria arobaini. Watibeti wavae suruali, wanawe uso kila asubuhi, wafunge nywele mkia mmoja kama raia wema wa Mfalme aliyeko Beijing. Kila mwezi askari walipita nyumba kwa nyumba wakibandika tangazo jipya. Juu kabisa palikuwa na jina la Mfalme, katikati mistari ya Kichina, na chini muhuri mwekundu wa jenerali, mpana kama kiganja. Hakuna mtu Namling aliyeweza kusoma hata herufi moja. Habari ya suruali waliisikia kwa mkalimani, wakacheka mpaka wakashika mbavu, wakaendelea na majoho yao.

Monasteri ilipomfungia malango, aliizingira siku sitini, akaibomoa kwa mizinga, na sanamu za shaba akaziyeyusha kuwa risasi. Kicheko kilikoma siku hiyo. Jina la Suruali lilibaki, na sasa walilitamka huku wakisaga meno.

Wiki moja baadaye, Kapteni Hou, mkuu wa ghala la jeshi, aliingia uani kwa Yudron. Yudron alikuwa mshonaji wa mabuti, mjane wa miaka hamsini na mbili, mwenye vidole vigumu na mdomo usiotaka mapumziko. Nyuma ya kapteni walikuja nyumbu sita waliobebeshwa vitabu vitakatifu vya monasteri, na nyuma ya nyumbu akaja Wangden, mkalimani, mtoto wa muuza nyama wa Dartsedo, mji wa mpakani, aliyekulia kati ya lugha mbili.

"Shikamoo, mama," alisema Wangden, akitazama chini. "Kapteni anataka jozi mia mbili za mabuti, kwa siku kumi. Jeshi linavuka mlima kabla theluji haijafunga njia."

"Ngozi ninayo. Cha kujazia soli sina. Sufu yote mmewalazia farasi wenu."

Wangden alielekeza kidole kwa nyumbu. "Cha kujazia kimeletwa. Ni hivyo vitabu."

Yudron aliviangalia vile vitabu, kurasa ndefu zilizobanwa kati ya mbao, karatasi ambazo tangu azaliwe hajawahi kuona mtu akiziruka, seuze kuzikanyaga. Mtoto akiangusha ukurasa, huuokota na kuugusisha utosini. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyomlea mdogo wake Lodu, mtunza vitabu wa monasteri hiyohiyo.

"Mwambie sitaki."

"Mama, huyo Lodu wako na wenzake kumi wamefungwa kwenye zizi la farasi. Mabuti yakikamilika, wanaachiwa. Yasipokamilika, wanakatwa vichwa. Nisikufiche."

Wakati wanazungumza, askari mmoja alikanyaga karatasi ya kufungia chai iliyokuwa imepeperuka uani. Kapteni Hou alimzaba kofi. Kisha akainama, mtu mzima na upanga wake, akaiokota ile karatasi kwa mikono miwili, akaipuliza vumbi na kuitia kwenye mkono wa joho lake kama mtu aliyeokota kifaranga.

"Hiyo ni nini?" aliuliza Yudron.

"Ina herufi," alijibu Wangden. "Kwao, karatasi yenye maandishi haikanyagwi wala haitupwi. Inachomwa kwa heshima. Na yenye jina la Mfalme ndiyo balaa. Kwetu Dartsedo walimkata kichwa mchuuzi aliyefungia nyama kwa tangazo."

"Na maandishi yetu?"

Wangden alisita. "Anasema ni mikwaruzo ya kuku."

Yudron alichukua msharasi wake, na waliomjua wangeogopa.

Kapteni alitaka jozi ya kwanza ishonwe mbele ya macho yake, kwa mguu wake mwenyewe. Yudron alichomoa kurasa nne. Hakuzikata, alizikunja tu, akazipaka gundi ya kwato, akazibana kati ya ngozi mbili na kuanza kuzitoboa kwa msharasi. Kapteni alivaa, akapiga mguu chini mara mbili kupima. Yudron alitamani msharasi ule ungekuwa shingoni mwa mtu.

Jioni hiyo alipeleka unga wa shayiri zizini. Lodu alikuwa ameketi kwenye samadi, jicho moja limevimba.

"Nimesikia," alisema Lodu. "Dada, usitie ukurasa hata mmoja mguuni mwao. Wakitaka kichwa changu, wachukue."

"Wewe tangu mdogo unapenda kufa kwa ajili ya vitabu. Kula kwanza."

"Nasema kweli."

"Mimi pia nasema kweli. Nataka vitabu na nakutaka wewe, uzeeke, unichoshe masikio kwa mawaidha yako. Mmoja bila mwingine sichukui."

"Haiwezekani."

"Kula."

Asubuhi aliwaita wanawake kumi na saba wanaojua sindano. Choki, jirani yake, alifika, akaona vitabu vimepangwa ukutani, akatema mate miguuni pa Yudron.

"Umekuwa mbwa wa Suruali, mama?"

"Mate yako yaweke, utayahitaji kulainishia uzi," alisema Yudron. "Yale matangazo ya kwenye mlango wako, unayo mangapi?"

"Yamegandamana kama chapati. Kumi, kumi na mawili. Ya nini?"

"Ya suruali yake tumechoka kuyaangalia. Na ayakanyage mwenyewe."

Choki alimtazama. Kisha akaanza kucheka, kicheko ambacho Namling haikuwa imekisikia tangu mizinga, mpaka akakaa chini.

Kwa siku tisa wanawake walibandua matangazo milangoni, wakayaleta chini ya majoho. Askari walipouliza, waliambiwa yamechakaa, yamechomwa kwa heshima. Vitabu vitakatifu vilizama kimoja kimoja katika mapipa ya shayiri. Matangazo yalikunjwa, jina la Mfalme na muhuri mwekundu vikiangalia chini, yakapakwa gundi na kushonwa. Kapteni Hou alikuja kila jioni, akachagua buti moja, akalichana soli ubavuni kwa kisu. Aliona tabaka za karatasi, akaridhika.

"Muulize," Yudron alimwambia Wangden siku ya kwanza ya ukaguzi, "kama atapiga muhuri wake kila jozi. Wasije wakasema mjane huyu amewadanganya."

Kapteni alifurahi kuombwa. Jozi zote mia mbili zilipata muhuri wake mdogo mweusi ndani ya shingo ya buti, kuthibitisha kwamba amezikagua, na askari wakazivaa papo hapo.

Siku ya kumi, jua likiwa utosini, jeshi lilijipanga kando ya mto. Jenerali alikuwa tayari ndani ya machela yake, pazia limeshushwa, wapagazi wanane wakisubiri. Mawingu yalikuwa yameshaushika mlima. Watawa kumi na mmoja waliletwa wamefungwa kamba, na Yudron akajua mambo yameharibika alipoona wamepigishwa magoti mbele ya mtu mwenye panga refu.

"Mwambie mabuti yamekamilika," alisema. "Tulipatana."

Wangden aliuliza, akajibiwa, akashindwa kumtazama usoni. "Anasema haachi hata mmoja hai nyuma ya jeshi. Ni amri. Anasema mabuti ni mazuri."

Lodu, magotini, alimtazama dada yake kwa uchungu. Kwake yeye, alikuwa amepoteza vitabu na bado anakufa. Yudron aliona hilo, na likamuuma kuliko kuliona lile panga.

Alitembea mpaka kwa kapteni, karibu kiasi cha kunusa tumbaku yake.

"Mwambie achane soli ya askari yeyote anayemtaka. Aichane kabisa, aifungue. Halafu asome."

"Mama, kuna nini humo?"

"Tafsiri ya mikwaruzo ya kuku."

Kapteni alikunja uso, lakini alimwita askari wa karibu, akamvua buti, akalipasua. Gundi iliachia. Karatasi ikafunguka mikononi mwake, na juu yake, limechafuka kwa jasho la mguu, jina la Mfalme wa Beijing. Chini yake, muhuri wa jenerali. Kapteni Hou aligeuka rangi ya majivu. Alitazama safu za askari wake, miguu mia nne imesimama juu ya jina lile, kisha akatazama muhuri wake mweusi ndani ya shingo ya buti.

"Mwambie nitasema kwa sauti," alisema Yudron. "Machela ile ni hatua hamsini tu."

"Hili nikilitafsiri tunakufa wote," alinong'ona Wangden.

"Basi litafsiri vizuri."

Wangden alivuta pumzi, akatafsiri. Kapteni alishika mpini wa upanga.

"Anaweza kunikata," aliendelea Yudron. "Atabaki na wanawake kumi na saba wanaojua, na mkalimani anayejua, na jozi mia mbili zenye muhuri wake. Au awafungue ndugu zetu sasa hivi, amwambie jenerali gundi imeoza na soli zinaachia. Kwa gundi iliyooza atachapwa viboko. Kwa hili jingine anajua mwenyewe."

Farasi mmoja alipiga chafya. Kapteni Hou alisema maneno mawili, na mtu wa panga refu, kwa mshangao, akaanza kukata kamba badala ya shingo.

"Bado," alisema Yudron. "Na mabuti yake. Avue."

"Mama, inatosha," Wangden alimsihi.

"Haitoshi. Ndani yake mna kurasa zetu nne. Avue."

Akavua. Mbele ya jeshi zima Kapteni Hou alisimama kwenye barafu ya ukingo wa mto na soksi zake, akamkabidhi mjane yule mabuti. Yudron aliyapokea kwa mikono miwili, kama kapteni mwenyewe alivyookota karatasi ya chai, akimtazama machoni mpaka yule akainamisha kichwa.

Jeshi halikuvuka mlima. Kapteni alichapwa viboko arobaini kwa gundi mbovu, na alasiri ile, akiwa hawezi hata kukaa, alijifungia ghalani akazipasua soli zote kwa mkono wake na kuzichoma karatasi moja moja, akipiga goti kwa kila moja. Kabla hajamaliza, theluji ilikuwa imefunga njia.

Yudron alimwingiza Lodu ndani, akafunua mapipa. Lodu alitumbukiza mikono kwenye shayiri mpaka viwikoni, akagusa mbao, akalia bila aibu. Yudron alikuwa amekaa na msharasi, akifungua mishono ya mabuti ya kapteni, taratibu sana.

Kurasa nne zilitoka zimekunjamana, zina doa la jasho, na matundu yamezizunguka pande zote.

"Hizi nilizishona," alisema. "Nilizitoboa kwa mkono wangu, akazikanyaga siku kumi. Sikuwa na njia. Usiniambie si kitu."

Lodu hakumwambia si kitu. Alizinyoosha gotini, akaziweka utosini mwake, kisha utosini mwa dada yake. Halafu akazisogeza dirishani kwenye mwanga na kuanza kusoma kwa sauti. Mstari wa tatu ulipofika kwenye tundu la msharasi, alisita kidogo, akaikumbuka herufi iliyokuwa pale, akaisoma.