Inchi Mbili za Kukua

Shemeji yangu Dalmas ana gari la abiria, Probox, na kwa sababu hiyo anaamini kila safari ya hapa Bondo lazima ianzie kwake. Siku nilipomwambia kwamba nitampeleka Shantel Winyo Park, ile bustani ya michezo iliyofunguliwa kando ya ziwa kule Kisumu, alicheka mpaka akashikilia mlango wa duka letu la kushona.

"Nyar Bungoma," akaniambia, yaani binti wa Bungoma, maana tangu niolewe na kaka yake hajawahi kuniita Elsie, "pale ni mahali pa watu wa magari. Nyinyi mtaenda na nini? Mkokoteni?"

"Tutaenda na mpango."

"Yawa! Huo mpango uko na magurudumu mangapi?"

Mafundi wenzangu wakaangua kicheko. Mimi pia nilicheka, kwa sababu ilichekesha. Shantel hakucheka. Alikuwa chini ya meza ya cherehani yangu akiokota vipande vya kitambaa, na nilimwona akiviminya mkononi.

Nilijua kwa nini. Siku ya kufunga shule alikuwa ameambia darasa zima kwamba atapanda lile gurudumu kubwa la Winyo Park, lile linaloinua watu juu kuliko minara ya simu, na atalipanda peke yake. Wenzake wakamwambia mtu hana gari haendi huko. Alirudi nyumbani akaniuliza, "Mama, ni kweli?" Nikamwambia si kweli, utapanda. Neno lilishatoka. Mtoto wa miaka minane hasahau neno kama hilo, na mimi sikutaka alisahau.

Miaka miwili nimesoma masomo ya jioni, magoti yakigonga dawati la watoto wa shule ya msingi, Shantel akiwa amelala kwenye leso karibu na ubao. Katika somo la biashara, Mwalimu Ooko alikuwa na desturi moja: kabla hujaandika unachotaka, unaandika ulicho nacho. Basi usiku huo, baba Shantel akiwa kwenye kazi yake ya ulinzi, nilifungua daftari nikaandika nilicho nacho.

Nina safari ya kila mwezi. Mama Achola, mwenye duka, hunituma Kisumu kuleta majora ya sare za shule, na nauli yangu hulipa yeye. Nina dada, Metrine, anayekaa Obunga, huko huko Kisumu, katika chumba kimoja chenye nafasi ya godoro. Nina miguu minne, miwili yangu na miwili ya Shantel. Na nina vipande. Kwetu fundi akishakata nguo, kinachobaki chini ya meza ni chake. Wengi huuza kwa watengeneza mito. Mimi nilishona mifuko ya sokoni, ya rangi za shule zote za Bondo, nikauza hamsini hamsini. Mifuko kumi na sita: mia nane.

Kisha nikapiga simu Winyo Park. Msichana aliyeshika alikuwa na sauti nzuri. Akaniambia Jumanne za likizo kuingia ni bure, unalipia tu unachopanda. Bembea za minyororo mia moja. Gurudumu kubwa mia mbili. Mtoto akifika sentimita mia moja na ishirini anapanda peke yake.

"Asante, dada. Chakula tunaweza kubeba?"

"Bebeni, mama. Ila msiache takataka."

Nilimsimamisha Shantel mlangoni, nikachukua futi yangu ya kitambaa, nikampima kutoka kisigino hadi utosini. Nikaandika inchi arobaini na nane. Nikabadilisha kwa sentimita kama nilivyofundishwa. Mia moja ishirini na moja, karibu ishirini na mbili. Anafika! Nauli ya Shantel kwenda na kurudi mia tatu, bembea mia, gurudumu mia mbili, na mia mbili za mwisho ni za tuktuk ya kubeba majora kutoka duka la jumla hadi stendi. Mia nane, bila kubaki hata shilingi. Nilipiga mstari chini yake mara mbili.

Jumatatu jioni tulilala kwa Metrine. Dada yangu alitupikia ugali na omena, akasoma daftari langu ukurasa wote, kidole kikifuata mistari.

"Wewe uko wapi hapa?" akauliza.

"Niko wapi namna gani?"

"Kwa hii bajeti. Mtoto anapanda hii, mtoto anapanda ile. Elsie anapanda nini?"

"Elsie atashika viatu," nikasema. Tukacheka, tukalala.

Asubuhi tulitoka na viazi vitamu, mayai mawili na chupa ya maji. Tulishuka kwa miguu hadi Kibuye kabla soko halijachangamka, tukakatiza mji, tukafuata barabara inayoelekea ziwani. Shantel alihesabu magari meupe. Alipochoka nilimpa yai, na alipochoka tena tukaketi kwenye ukuta wa bustani ya mtu mpaka mbwa akatuonyesha kwamba tumepumzika vya kutosha. Tulitembea kwa muda wa saa moja na nusu. Sikumbeba hata hatua moja, na hilo nataka lijulikane.

Langoni palikuwa na foleni ya magari. Askari mmoja mnene alitoka kwa kibanda na kitabu chake, akaangalia nyuma yetu.

"Gari yenu iko wapi, mama?"

"Hatuna gari."

"Mliachwa na tuktuk?"

"Tumetembea. Kutoka Obunga."

Akaniangalia, akaangalia viatu vya Shantel vilivyojaa vumbi jekundu, kisha akampa Shantel kalamu. "Mwandikie mama jina. Namba ya simu hapa. Hapa ni namba ya gari."

Shantel aliandika jina langu kwa mwandiko wake wa duara. Alipofika kwenye namba ya gari, kalamu ilisimama. Juu yake kulikuwa na herufi na tarakimu za watu wengine, mstari baada ya mstari.

"Mama, hapa niandike nini?"

"Andika ukweli."

Akafikiri. Akaandika: MIGUU. Askari alisoma akacheka, lakini kicheko chake hakikuwa kama cha Dalmas. Alifungua lango lote kubwa, lile la magari, akatupigia saluti tukipita.

Bembea za minyororo zilikwenda vizuri. Kisha tukaenda kwenye gurudumu. Ukisimama chini yake shingo inauma. Nilikuwa nimeshalipa zile mia mbili, na Shantel ameshika tiketi kwa mikono miwili kama sakramenti.

Kabla ya ngazi palikuwa na ubao wenye mstari mwekundu, na msichana aliyevaa fulana ya kazi.

"Simama hapa, mrembo. Simama sawa sawa."

Shantel alisimama. Mstari ulikuwa juu ya kichwa chake. Si tofauti ndogo ya kuzibwa na nywele, ni vidole viwili.

"Hajafika, mama."

"Amefika," nikasema. "Nilimpima mwenyewe. Mimi ni fundi."

Nikatoa futi yangu kwenye mkoba, nikapiga magoti mbele ya watu wote, nikampima tena. Arobaini na sita. Nikashuka hadi kisigino, nikapanda tena. Arobaini na sita.

Ndipo nikaelewa. Miaka sita nimeshona sare. Hapa kwetu hakuna mzazi anayenunua sketi ya kumtosha mtoto leo. Ananunua ya kumtosha mpaka mwaka ujao. Fundi anapima, na kabla kalamu haijagusa karatasi mkono umeshaongeza inchi mbili za kukua, zile zinazokunjwa kwenye upindo. Sijui tena kuandika kipimo bila hizo inchi. Nilikuwa nimemwongezea mwanangu upindo.

Shantel aliangalia futi, akaniangalia. "Mama, uliniandika kama sketi?"

"Nimekuandika kama sketi, mama. Nisamehe."

Hakulia. Alininyooshea tiketi niirudishe, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Yule msichana akainama. "Anaweza kupanda, lakini na mtu mzima. Na mtu mzima analipa. Mia mbili."

Mia mbili nilizokuwa nazo zilikuwa za tuktuk. Pesa za majora zilikuwa kwenye simu, lakini hizo ni za Mama Achola, na sikuzifikiria mara mbili. Ningeweza kumpigia Dalmas anitumie. Angetuma mara moja, najua, halafu ningesimangwa Bondo nzima mpaka Krismasi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilikuwa sijawahi kwenda juu kuliko ghorofa ya pili, na hiyo ghorofa ya pili niliishuka nikishika ukuta.

"Shantel," nikasema, "ukinisaidia kubeba majora mpaka stendi, naweza kupanda na wewe."

"Yale majora makubwa?"

"Mawili. Kilomita moja hivi."

"Nitashika nyuma," akasema upesi. "Wewe utashika mbele."

Nikalipa.

Kiti kilipoondoka chini nilifumba macho na kushika chuma. Nilisikia upepo wa ziwa kwenye masikio, na mkono mdogo ukijiingiza kwenye kwapa langu.

"Mama, fungua. Mama! Usiogope, niko hapa."

Nikafungua jicho moja, halafu la pili. Ziwa lilikuwa chini yetu, na gugumaji limejikusanya ukingoni kama zulia lililosukumwa. Shantel hakuwa anaangalia ziwa. Alikuwa amegeukia mji, ananyoosha kidole.

"Ile ndiyo barabara yetu! Pale tulikula yai. Pale ndiyo mjini. Na kule mbali, kwa mabati, si ndiyo Obunga? Mama, tumetembea hiyo yote?"

"Hiyo yote."

"Na miguu?"

"Na miguu."

Tukazunguka mara ya pili. Kisha akapiga kelele, si ya woga, na watu wa kiti cha mbele wakageuka. Mimi pia nikapiga yangu. Tulizunguka mara nne, na katika zamu ya mwisho nilikuwa nimeachilia chuma.

Majora tuliyabeba. Mimi mbele, yeye nyuma, kitambaa cha kijani cha sare mabegani, tukivuka mji huku wenye tuktuk wakituita na sisi tukiwakataa kwa heshima. Mara tatu tuliweka chini. Mara zote tatu ni mimi niliyeomba.

Bondo tulifika jua likiwa bado halijatua. Dalmas alikuwa stendi, ameegemea Probox yake, anangoja abiria.

"Nyar Bungoma! Mmerudi? Mliingia kweli au mlichungulia kwa ua?"

Kabla sijafungua mdomo Shantel alishusha upande wake wa majora, akajifuta jasho.

"Anko, tuliingia na lango la magari," akasema. "Askari alitupigia saluti. Na Mama alipanda gurudumu, ilikuwa mara yake ya kwanza, nikamshikilia."

Dalmas akafungua buti ya Probox, akayachukua majora yote mawili, akayaweka ndani mwenyewe.

"Hadi kwa Mama Achola," akasema. "Bure, shemeji. Leo nyinyi ni wageni wa heshima."

Nyumbani, kabla ya kuvua viatu, Shantel alisimama mlangoni akaniita nimpime. Alinikagua mkono nikiandika. Arobaini na sita, bila upindo. Chini yake, kwa ajili ya likizo ijayo, nikaandika: Mama, gurudumu, mia mbili.