Fungu la Roza

Kokulinda alikuwa anapachika zipu kwenye sketi ya shule, kibandani kwake Mabatini, miguu yake ilipoanza kuvimba. Akavua viatu, akavisukuma chini ya cherehani, akaendelea kushona. Figo za Roza Okwach zilikuwa zimemzidi tena, basi.

Ndivyo mambo yalivyokwenda katika kikundi cha Tubebane. Wakala wa bima alipokuja na vipeperushi vinavyong'aa na kutaja bei, watu walimnunulia soda, wakamsindikiza hadi barabarani. Kisha wakaanzisha chao: kila mwezi mtu anatoa kidogo, na akiugua, kikundi kinalipa hospitali. Maumivu nayo yakaanza kugawanyika yenyewe. Malaria ya mmoja ikawa kichwa kizito kwa wote hadi jioni. Wahenga husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini wana Tubebane waliujua uzito wake.

Kokulinda alipomzaa Sharon, mtoto alikaa vibaya, na kikundi kizima kilijikunja. Roza, mjane kutoka Mara aliyebanika samaki Nyakato, aliomba fungu kubwa kuliko wote, akapewa. Alipiga simu wodini huku ameegemea tanuri.

"Sukuma, binti!" alisema, akicheka na kuhema. "Mimi huku nimeshachoka!"

Sasa Kokulinda alikuwa na mimba ya pili, na viatu vilikuwa havimwingii.

Jumapili baada ya ibada kikundi kilikutana. Roza, mama yake Collins, alikuwa amelazwa. Mwenyekiti, Mwalimu Rwehumbiza, alisimama na suti yake nzuri na malapa.

"Tunampenda Mama Collins," alisema. "Lakini figo siyo malaria. Malaria inaisha. Naomba tumpumzishe kikundini. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Kokulinda aliitazama miguu yake. Aliona aibu, na pamoja na aibu hiyo akanyoosha mkono. Sala ya kufunga ilikuwa haijaisha, viatu vya watu vikaanza kupwaya. Walirudi nyumbani wakitembea vizuri.

Roza alikuja kibandani baada ya wiki kadhaa, akiegemea fimbo. Hospitali sasa alikwenda pale tu mwanawe Collins alipopata cha kutuma. Miguu yake ilikuwa imefungwa vipande vya kanga, kwa kuwa hakuna kiatu kilichomtosha.

"Shikamoo, mama," Kokulinda alisema, macho kwenye sindano.

"Marahaba, mwanangu. Sikuja kugombana. Nimekuja kwa ajili ya jino lako."

"Jino?"

"La juu, kushoto. Limeoza hilo. Kaling'oe, haliniachi nilale."

Kokulinda aliligusa kwa ulimi. Lilikuwa linauma kidogo tu, wala hakuwa amelifikiria. Ndipo akaelewa. Kikundi kilikuwa kimeutua mzigo wa Roza, lakini hakuna aliyekumbuka kumtua Roza mizigo yao. Mgongo wa Mwalimu, pumu ya Selina, jino lake yeye, vyote viliendelea kumfikia.

"Nitawaambia kikaoni," alisema.

"Waambie, mwanangu. Mimi kikao sina tena."

Jino alikwenda kuling'oa kesho yake. Hilo alilifanya. Kikaoni, walipofika kwenye mengineyo, alisimama. Watu wakamgeukia. Mtoto akampiga teke chini ya mbavu, naye akakumbuka uchungu wa Sharon, na nani aliyeushika.

"Sema, Mama Sharon," Mwalimu alimhimiza.

"Nilitaka kusema mabenchi yana vumbi," alisema, akaketi.

Wakapanga zamu ya kufuta mabenchi. Moyo ulimsuta usiku ule na siku zote zilizofuata, akila, akisali, akipima watu viuno. Ulimsuta, naye akanyamaza.

Alijifungua wakati wake ulipofika, bila kupiga kelele. Mkunga alimsifu, akasema laiti wazazi wote wangekuwa watulivu hivi. Kokulinda aligeukia ukutani, akalia.

Roza alifika kumwona mtoto, jirani amemshika mkono. Alikuwa amekuja na sato wa kubanika, akaomba sufuria, akampikia mzazi supu mwenyewe, ameketi kwenye kigoda. Halafu akapakata mtoto.

"Huyu alikuwa na mabega," alisema, akijikanda kiuno. "Mmemwita nani?"

"Roza."

Roza alifurahi sana. Alimtazama mtoto usoni kwa muda mrefu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Asante kwa kunikumbuka."

Kokulinda alitaka kusema, badala yake akainua bakuli. Tumbo likamkata kidogo, kama linavyowakata wazazi wote, likatulia. Kwenye kigoda Roza alifumba macho, akauma meno, akamshika mtoto vizuri asimdondoshe, akangoja lipite.

"Kunywa," alisema lilipopita. "Inapoa."