Chui Asiye na Milia

Shangazi aliweka kidole juu ya ng'ombe.

Chumba kizima kiliangua kicheko. Bwana Nukta, msahihishaji wetu, mtu aliyeweza kununa kutwa kwa sababu ya mkato mmoja uliokaa vibaya, alicheka mpaka akavua miwani. Na mimi nilicheka. Picha zilikuwa zimetandazwa mezani, ng'ombe, nyati, simba, chui, chui milia, na Shangazi amesimama mbele ya meza na kitambaa cha kufutia vikombe begani, hana habari na kelele zetu.

"Si umesema mnyama mkubwa mwenye miguu minne na mkia?" akamwuliza baba yangu. "Basi ndiye huyu. Mimi nitajuaje tena?"

"Mzee Maana, leo umetuletea kitoweo!" akasema Bwana Nukta.

Baba hakucheka. Alikuwa anaigeuza karatasi yake, anatazama upande wa nyuma, halafu wa mbele, halafu wa nyuma tena. Upande wa nyuma haukuwa na kitu.

Ile ilikuwa ofisi ya kamusi, na baba yangu ndiye aliyekuwa mkuu wake. Mimi nilisoma maneno baada yake, nikitafuta makosa ambayo kwa kawaida hayakuwapo. Sheria ya kupima maneno aliitunga yeye. Ukishaandika maelezo ya neno, unayasoma kwa sauti bila kulitaja neno lenyewe, na Shangazi, aliyetupikia chai na hakuwa shangazi wa yeyote kati yetu, anaonyesha picha. Akionyesha sahihi, neno limepita. Akikosea, unarudi mezani kwako. Hakuna kubishana naye. Neno likianguka mara mbili mikononi mwako, unamwachia mwingine, na Baba alikuwa ameapa mbele yetu sote kwamba siku likimwangukia yeye mara mbili ataondoka mwenyewe bila kusukumwa. Tulidhani anatania. Nani angemwangusha Mzee Maana?

Na kati ya maneno yote, chui milia! Nililelewa na lile neno. Watoto wenzangu walisimuliwa habari za sungura na fisi. Mimi nilisimuliwa lilikotoka jina la mnyama ambaye hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukutana naye porini. Inasemekana, Baba alikuwa akisema huku akimenya chungwa, kwamba Wayunani jina lao, tigris, walilipata kwa Waajemi wa kale, waliokuwa na neno la kufanana nalo kwa kitu chenye makali, au kwa mshale. Labda kwa sababu mnyama yule hurukia windo kama mshale. Labda. Hilo "labda" alilipenda kuliko neno lenyewe, akalirudia na kidole juu. Wayunani wakawapa Warumi, nao Warumi wakawapa watu ambao hata unyoya wake hawajauona, na kila mmoja akalitamka kwa mdomo wake.

"Sisi je?" nilikuwa nauliza, ingawa jibu nilikuwa nalijua.

"Sisi tulionyeshwa picha, mama." Aliniita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. "Mmoja akasema, huyu ni chui, ila ana milia. Mwingine akasema, wapi, huyu ni simba, simba marara, mwenye milia. Mnyama mwenyewe hajafika, jina limetangulia, tena limevaa nguo za kuazima. Sasa mvue nguo ya chui. Mvue na ya simba. Kumebaki nini?"

"Milia!"

"Milia. Milia ndiyo yeye."

Kwa hiyo siku ile ya ng'ombe, kicheko kilipokwisha na watu wakarudi kwenye viti vyao, mimi nilibaki nimesimama pale pale. Mnyama mkubwa mwenye miguu minne na mkia. Baba yangu alikuwa ameiacha milia.

Dalili zilikuwapo, nisijidanganye. Nyumbani tulikuwa wawili tu, kwani Mama alikwisha tangulia, na Baba alikuwa ameanza kuniuliza maswali mezani. "Korongo ni nini?" Nilidhani ananipima, maana alinipima maisha yangu yote, nami nikajibu vizuri na kujisikia mjanja. Baadaye akauliza bilauri ni nini. Kisha siku moja nilimkuta jikoni ameshika tango, amelisogeza karibu na macho, akasema kwa upole kabisa, "Hebu niambie, mama, hili hufanyiwa nini?"

Daktari alikuwa mwanamke mpole, na upole wake ulinikera. Alimwomba Baba achore wanyama. Baba akachora, mkono wake haukutetemeka hata kidogo. Kila mnyama alikuwa na miguu minne, kichwa na mkia. Ndege naye akapewa miguu minne.

"Njia ya kurudi nyumbani anaijua," daktari aliniambia pembeni. "Siku za wiki anazijua, mambo ya jana anayakumbuka. Kinachomtoka ni maana za vitu. Zinatangulia za vitu vya mbali, visivyoonekana mara kwa mara. Halafu zitafuata za karibu."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nyumbani," akasema, na mara akawa ana shughuli na kalamu yake.

Dawa haikuwapo. Nilimwuliza mara kadhaa, kwa maneno tofauti, kana kwamba nilikuwa sijauliza vizuri. Basi nikajishikiza kwenye kitu kimoja: kazi. Baba akibaki pale ofisini, katikati ya maneno, nilijiambia, yatamshikilia. Akitolewa atadidimia. Na ili abaki ilikuwa lazima chui milia apite mara ya pili. Sikumwambia mtu yeyote kuhusu daktari. Mficha maradhi, kilio humfichua, najua, methali zote za kamusi ile nilizisoma mimi, lakini zilinisaidia nini?

Jioni zote kabla ya kipimo cha pili nilimkalisha sebuleni. Nilimwonyesha picha. Nilijikaza kisabuni, nikawa mwalimu.

"Huyu ana nini mwilini, Baba?"

"Jina lake lina asili ya mshale," akasema, macho yakamng'aa. "Labda."

"Vizuri. Na mwilini? Hii hapa, nyeusi. Milia. Usisahau milia."

"Milia," akarudia. Akaandika, kwa ule mwandiko wake mzuri. Akaitazama. Kisha akaninong'oneza, kama mtu anayeomba asisikiwe na wageni, "Milia ni nini?"

Nilikwenda jikoni nikafungua bomba, nikalia maji yakitiririka. Niliporudi alikuwa amelifuta lile neno. Baba yangu hakuandika maishani mwake neno asilolijua.

Siku ya kipimo alivaa koti lake la sherehe. Nilikuwa nimempachikia mfukoni karatasi niliyoiandika mimi, maelezo kamili, yasiyo na dosari. Aliitoa, akaisoma kimya, akaikunja na kunirudishia mbele za watu. "Hii si yangu, mama," akasema. Kisha akasoma ya kwake.

"Mnyama mkubwa, mkali."

Tulisubiri. Bwana Nukta akainua uso, na safari hii hakuwa na mzaha. Nadhani ndipo alipoelewa, na wengine wakaelewa kupitia uso wake. Hapakuwa na kingine kilichokuja.

Shangazi alijifuta mikono. Hakuzitazama picha kama alivyozoea, moja moja, amekunja paji la uso. Alikwenda moja kwa moja, akaweka kidole juu ya chui milia.

"Limepita!" Bwana Nukta akapiga makofi, na wengine nao, kwa nguvu mno. Moyo wangu ulitulia. Lo, jinsi nilivyompenda yule mama! Ningembusu ile mikono yenye harufu ya majani ya chai.

Baba aliinua mkono, makofi yakakatika.

"Shangazi, kwa nini huyu?"

"Si ndiye uliyemsema, Mzee?"

"Nimesema mkubwa na mkali." Aligusa picha ya nyati, ya simba, ya chui, moja baada ya nyingine. Sijui kama bado aliwajua. "Hawa nao wanaonekana wakubwa. Wanaonekana wakali. Kwa nini huyu?"

Shangazi alimtazama. "Jamani, Mzee. Miaka yote hii! Mimi nakuelewa hata usiposema."

"Najua," akasema Baba. "Nakushukuru. Lakini kamusi wanasoma watu wasionijua."

Aliiweka karatasi juu ya meza na kuinyoosha kwa kiganja.

"Halijapita," akasema. Akachukua kofia, akatuaga mmoja mmoja kwa kutupa mkono, na mimi nikiwa miongoni mwao. Shangazi alikuwa amejifunika uso kwa kile kitambaa cha vikombe. Bwana Nukta alinigeukia: "Mfuate basi, unasubiri nini?" Nikamfuata. Barabarani alitembea mbele yangu, njia anaijua vizuri, anawapisha watu kwa adabu.

Nilikuwa na hasira naye. Hata sasa ninayo. Angekubali! Ni nani angedhulumiwa na uongo mmoja wa huruma? Neno akapewa Bwana Nukta, akaliandika salama, milia yote ipo, kamusi ikachapwa. Shangazi alituletea nakala yetu mwenyewe, ameifunga kwenye kanga. Baba aliipokea kwa mikono miwili, akainusa, akaniuliza huwa inaliwa na nini.

Na daktari alisema kweli. Vitu vilitoka kwa zamu, vya mbali vikitangulia. Milima na bahari viliondoka pamoja na wanyama. Vyombo vya jikoni vikafuata, kisha matunda yote yakawa "lile tamu", na nguo zote "lile la kuvaa", na mwisho karibu kila kilichopo duniani kikawa "lile". Yeye mwenyewe hakuonekana kuteseka. Aliongea sana, sentensi nzuri, zenye kichwa na miguu, na ndani hamna kitu. Jirani waliompitia dirishani walisema Mzee anaendelea vizuri, anachangamka kweli kweli. Nilikuwa nawaitikia, ndiyo, tunamshukuru Mungu. Ningewaambia nini?

Niliacha kazi nikae naye. Nilizoea. Ila kuna kitu kimoja sikuwa nimekigusa. Nilikipita mbali, mwaka na zaidi, kwa sababu nilijua kikianguka hicho hakuna kingine nyuma yake.

Asubuhi moja nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Alikuwa amepumzika vizuri, uso wake mzuri, wa zamani. Akaniangalia kwa makini, kwa heshima, kama unavyomwangalia mtu anayekuhudumia vyema mahali pa ugeni.

"Ahsante sana," akasema. "Samahani, wewe ni nani?"

"Mimi ni mwanao, Baba."

Alifikiri. Niliona anafikiri kweli, anatafuta, paji limejikunja.

"Mwana ni nini?" akauliza.

Ilikuwa kazi yangu. Nilisoma kwa ajili hiyo, nililipwa kwa ajili hiyo. Nilipiga magoti mbele yake, vidole kwenye kifungo cha mwisho, nikayatafuta maelezo. Aliyezaliwa na mtu. Lakini kuzaliwa angekujua? Damu yake. Damu ni nini? Kila neno nililolishika lilihitaji jingine la kulieleza, na hilo jingine hakuwa nalo. Nikatafuta rahisi kabisa.

"Ni mtu anayekuja kwako kila siku," nikamwambia, "na hachoki."

Uso wake ukafunguka. Alifurahi, masikini, alifurahi kama zamani neno lilipokuwa likipita.

"Aa! Namjua," akasema, akageukia dirisha, ambako muuza maziwa alikuwa akiegemeza baiskeli yake ukutani. Akamnyooshea kidole.

Nikamfunga kifungo. Nikaenda kumfungulia muuza maziwa mlango.