Maji ya Ndama

Mwamini aliujua ukweli siku ya kuku. Mumewe, Mzee Pazi, mchinjaji wa Kibuta nzima, alimkata kuku wa mgeni, na kuku akakurupuka na shingo nusu, akazunguka uwanja akichuruzika damu. "Kisu kimeshika kutu," alisema mzee. Kutu gani! Kisu kile mpwa wake, Kondo, alikuwa amekinoa asubuhi ile ile. Tatizo ni mkono. Ulikuwa unatetemeka, na Mwamini aliuona kila siku kwenye kikombe cha uji.

Leo si kuku. Jirani yao Mwinjuma anachinjisha ndama dume kushukuru mwanawe kurudi salama kutoka vita vya Burma, na watu wamefurika mpaka barabarani. Huko jikoni Mwamini aliyaona yatakayotokea. Ndama yule atakatwa mara mbili, mara tatu, huku amekodoa macho, na wanaume watashikilia kamba tu wasiseme neno. Na yeye je? Atoke jikoni akamvue mumewe nguo mbele ya kijiji? Thubutu!

Faraghani alikwisha jaribu. "Baba Zena, safari hii mwachie Kondo."

"Kondo bado mtoto," alijibiwa. Mtoto mwenye ndevu na wake wawili!

Ndama akaletwa akikokotwa, analia kama anayemwita mama yake. Mzee Pazi alisimama kando, mkono wa kushoto umeficha kisu chini ya shuka. Kabla ya kuku yule, kanuni zake hakuzivunja hata siku moja: mnyama asione kisu, asife na kiu, akatwe mara moja tu.

Asife na kiu. Mwamini akachukua bakuli, akalijaza maji mpaka ukingoni, akatoka nalo.

"Baba Zena, ndama hajanyweshwa."

Mzee akalipokea kwa mkono wa kulia. Maji yakaanza kucheza. Yakamwagikia vidole, yakalowesha kanzu, yakamrukia ndama usoni, naye akarudi nyuma kwa hofu. Mwamini hakuthubutu kuinua macho. Jamani, hajawahi kumwogopa mumewe namna ile.

Mzee Pazi alilitazama bakuli mpaka maji yakabaki nusu. Ndama akayanywa yaliyobaki.

"Kondo," aliita. "Njoo ushike kisu."

"Mimi, mjomba?"

"Kuna Kondo mwingine hapa?"

Ndama akalazwa, akaelekezwa kibla. Mzee akachuchumaa kichwani pake, akamfunika jicho kwa kiganja kile kile kinachotetemeka, akimbembeleza polepole mpaka akatulia. Kondo akapiga bismillahi, akakata. Mara moja. Ndama hakuwahi hata kulia.

Siku ile mzee hakusema na mkewe. Asubuhi yake Mwamini akamtilia uji kama kawaida, na mzee akaushika mkono wake wenye upawa.

"Usijaze, Mama Zena," alisema. "Nusu yatosha."