Kilikuwa Cheupe Nilipokianika

Kwa maneno ya Mama Pascasie, na mtaani kwetu hakuna aliyekosa kuyasikia, wengine mara tatu kabla ya chai, mambo yalikuwa hivi. Jumapili, misa ya kwanza. Padri ameinua ostia, kengele imelia, yeye Mama Pascasie ameinamisha kichwa kama Mkristo mwema. Mara harufu ya maua ikampiga puani. Akainua macho. Pale kwenye kitambaa cha altare, upande ule unaoning'inia mbele ya watu, kitambaa cheupe pe, Bikira Maria akaanza kujitokeza polepole, kama muntu anayetoka kwenye ukungu wa ziwa asubuhi. Kichwani ushungi, ubavuni Mtoto. Bikira akatazama watu wote, akawapita. Akawapita masista. Akampita Papa Katekista. Akafika kwa Mama Pascasie, akamkonyeza.

"Jicho la kuume," Mama Pascasie alisema kila mara, ili watu wasije wakakosea.

Muntu mwenye moyo wa baridi angejiuliza kwa nini Mama wa Mungu aiache Roma, alipite lile kanisa kubwa la Kirungu, aje Kalemie kumkonyeza mwanamke ambaye juzi tu alimrushia jirani kinu kwa sababu ya bata. Lakini wenye moyo wa baridi hawaji misa ya kwanza. Kanisa zima lilisimama. Wamama wawili walianguka. Na Papa Casimir, katekista wetu, alitafuta kitu cha kuwapepea, akaona karatasi ya matangazo mkononi mwake, akawapepea nayo mpaka ikachanika.

Noëlla, kwenye benchi ya nyuma, aliiangalia ile karatasi ikichanika, na Bikira hakumshughulisha hata kidogo. Bikira alimjua tangu jana yake. Yeye ndiye aliyemtengeneza.

Ilikuwa hivi. Kila Jumamosi, baada ya Salongo ya serikali, ambapo wananchi wote wanakata majani kwa hiari yao ili wasifungwe, inakuja salongo ya Mungu. Wanawake wa zamu wanafagia kanisa, na Noëlla anafua vitambaa vya altare. Pasi ya umeme ya masista ilikufa tangu Pasaka, wakaiombea, haikufufuka. Kwa hiyo mchumba wake Norbert alikuwa anatengeneza umeme kule Bendera, na yeye huku anapuliza makaa. Jumamosi ile wanga wa mihogo aliutia mzito, maana Mama Pascasie, aliye prezida wa shirika la mtaa, anapenda kitambaa kisimame wima kama askofu. Kilikuwa kimekunjwa mara mbili. Pasi ikanasa. Alipoinyanyua, juu kulikuwa na alama kubwa ya rangi ya chai, na chini yake, kwenye mkunjo wa pili, ndogo iliyofifia. Alipokifungua zikawa zimekaa pamoja, mkubwa na mdogo. Ile harufu ya maua ilikuwa mihogo iliyoungua.

Akakitandika alama zikiwa upande wa ukuta, akijiambia Jumatatu atamwambia Padri. Papa Casimir, alipokuja alfajiri kuwasha mishumaa, akakiona kimeelekea kushoto kidogo. Akakivuta, akakigeuza.

Mbona hakusimama Jumapili ileile aseme? Kwa sababu ya ile karatasi iliyochanika. Ilikuwa imeandikwa: "Kwa mara ya tatu, Norbert na Noëlla wanataka kufunga ndoa takatifu." Kwenye vitabu vya serikali yeye ni mwananchi, citoyenne Ngoy, jina la babu yake, maana serikali imekataza majina ya wazungu, Noëlla limebaki la kanisani na la jikoni. Lakini kanisani nako kuna sheria yake: jina lako litangazwe Jumapili tatu, kusudi mwenye kizuizi akitoe. Mbili zilikuwa zimepita. Ya tatu ilipepea wamama. Na ndoa ilikuwa Jumamosi inayokuja, saa nne, kwa sababu Norbert alipewa konji, likizo ya kazini, ya wiki moja tu, na nyumba ya kambini Bendera inangoja mwenye cheti cha ndoa mpaka Jumatatu. Akikosa yeye, anapewa mwenzake Néhémie. Néhémie ana bibi wa ndoa na watoto watano. Muntu wa watoto watano akiingia ndani ya nyumba, hatoki.

Jumatatu Noëlla alikwenda biro ya parokia. Njiani alikutana na jambo ambalo hata yeye alikubali ni muujiza: wanaume waliobeba matofali. Ukuta wa nyumba ya mapadri ulikuwa umesimama kwenye magoti miaka mitatu. Padri Urbain alikuwa ameuhubiria, akaubembelezea, akautishia moto wa milele. Sasa wanaume walewale wanabeba bila kuitwa, na wanaimba.

"Papa Casimir, nimekuja kwa ajili ya tangazo letu la tatu."

"Tangazo!" Papa Casimir alivua miwani. "Bikira ameshuka, wewe unaniletea mambo ya kuolewa?"

"Bikira naye aliolewa, Papa."

"Aliolewa bila haraka. Na barua ya shirika iko wapi? Bila barua ya Mama Prezida kusema wewe ni binti wa mwenendo mwema, hata nikitangaza mara kumi ni kelele."

"Nitaileta." Noëlla akashika mlango, akageuka. "Papa, kile kitambaa, ile alfajiri, ulikigeuza?"

Papa Casimir akarudisha miwani. "Unataka kusema mimi nilimgeuza Bikira?"

"Hapana, Papa. Nilikuwa nauliza tu."

"Usiulize."

Jumanne ni siku ya Legio ya Maria, ya kutembelea wagonjwa. Wiki ile wagonjwa ndio waliotembeleshwa, wakabebwa mpaka kwenye kitambaa, na mzee mmoja wa miguu akapona kabisa, akarudi nyumbani akiwa amebebwa vilevile. Siku hiyohiyo Tantine Adrienne, dada ya baba yake Noëlla, alifika kutoka Kiambi na kikapu cha samaki wa kukaushwa kwa ajili ya ndoa. Akauliza kama mambo yote ni tayari. Noëlla akasema karibu. Tantine akatoa samaki mmoja, akamla, akasema atakuwa anaonja mmoja kwa kila "karibu" atakayosikia.

Jumatano jioni shirika lilikutana uani kwa Mama Pascasie. Kwa kawaida ni watu kumi na wawili na kuku. Siku ile walikuja mpaka watu wa mashirika ya mbali, wengine wamebeba viti vyao. Mama Pascasie alikuwa amevaa pagne mpya. Juu ya magoti yake kulikuwa na rozari, na chini ya rozari, Noëlla aliiona vizuri, barua yake. Ilikuwa imeandikwa tayari. Ilikosa sahihi tu.

"Wandugu," alisema Mama Pascasie, "kuna watu hapa Kalemie wanasema ni uchafu. Wanasema kitambaa hakikuwa kimefuliwa. Sasa, uyu njo alifua. Noëlla, mutoto wangu, simama. Waambie watu: kitambaa kilikuwa cheupe ao hakikuwa cheupe?"

Noëlla akasimama. Akaiangalia barua. Akawaza juu ya Néhémie na watoto wake watano wakichagua vyumba. Muntu mwenye subira hakosi neno. Ni kulitafuta tu.

"Kilikuwa cheupe, Mama," akasema. "Nilipokianika, kilikuwa cheupe pe."

Vigelegele vikaenda mpaka ziwani. Katikati ya vigelegele Mama Bibiane, anayefulia watu nguo kwa kazi, akainua kidole: "Na ulipokipiga pasi?"

Lakini Mama Pascasie alikuwa ameshaanzisha wimbo. Wimbo una faida nyingi katika dini yetu. Ulipofika ubeti wa nne barua ilikuwa na sahihi, na Noëlla aliikunja akaiweka kifuani, akirudi nyumbani anacheka peke yake. Hakusema uongo hata mmoja. Alijiona mwerevu, na usiku ule akalala vizuri, kama wanavyolala werevu wote kabla ya kesho yake.

Kesho yake, Alhamisi, alimpelekea Padri Urbain barua. Padri ni muntu wa Nyunzu, wa maneno machache. Watu hawakuwa wamemwona Jumapili baada ya misa, kanisa likiwa tupu. Noëlla alikuwa amemwona, kwa sababu alibaki kufagia. Padri alikuwa amekwaruza alama kwa ukucha, akanusa ukucha, akafumba macho muda mrefu. Halafu nje wanaume wa kwanza wakauliza matofali yako wapi, naye akafumbua macho.

Sasa alisoma barua, akaitika kwa kichwa kwa wema. "Tangazo la tatu si shida. Nina ruhusa ya kulisamehe. Ndoa ningeifungisha hata leo."

"Aksanti, Padri!"

"Lakini jana ulitoa ushahidi."

"Nilisema tu kilikuwa cheupe."

"Ndiyo. Papa Casimir ameandika. Mimi nimemwandikia Askofu kwamba parokia ina shahidi. Askofu atatuma muntu wa kuuliza maulizo. Shahidi wa kwanza hawezi kwenda kukaa Bendera, binti yangu. Mukingoja kidogo, mutafunga ndoa ulizo likiisha."

"Litachukua siku ngapi?"

Padri alifikiri. Nje tofali liligonga tofali. "Kanisa halihesabu siku," akasema.

Jioni ile Norbert alishuka kwenye lori, suruali nyeusi mpya imening'inizwa kwenye fimbo ili isipate mikunjo. Noëlla alimweleza yote nyuma ya jiko. Tantine Adrienne alikuwa anasikiliza, na kwa kila jambo alikuwa anaonja.

"Kwa nini usiseme ukweli tu?" aliuliza Norbert.

"Niliusema."

"Uliusema na mkia umefichwa! Sema tena, na mkia wake."

"Nikisema mbele ya watu, Mama Pascasie atararua barua. Atasema nimemtukana Bikira. Nani atatufungishia?"

"Basi mwambie Padri. Peke yake. Mahali ambapo Mama Pascasie hawezi kusikia."

Na hapa ndipo Noëlla, ambaye wiki nzima aliangalia kila kitu kwa macho manne, alifanya kosa ambalo ni sisi tu tunaweza kulifanya, sisi tuliofundishwa na masista tangu darasa la kwanza kwamba maneno mazito yana mahali pake. Biro ya Padri ina dirisha, na chini ya dirisha sasa kulikuwa na wanaume wa matofali. Lakini Ijumaa saa tisa kuna kitubio. Kuna sanduku la mbao, kuna pazia, kuna siri. Akaenda kwenye kitubio.

Alipiga magoti. Upande wa pili wa sanduku mtu mwingine alikuwa anapiga magoti pia, mbao zikalia. Akakohoa. Mama Pascasie, amekuja kuungama kwamba hana majivuno. Padri akafungua kidirisha cha upande wa Noëlla, naye akasema chinichini.

"Nibariki Padri, maana nimekosa. Nilichoma kitambaa cha altare."

Kiti cha Padri kikalia.

"Ulikichoma na nini?"

"Na pasi. Wanga ulikuwa mzito."

"Na yule mudogo?"

"Kilikuwa kimekunjwa mara mbili. Mukubwa njo wa juu, mudogo njo wa chini."

Padri alitoa sauti ambayo ingeweza kuwa kikohozi. Halafu akaweka paji la uso kwenye wavu. "Binti yangu, kwa nini hukuniambia jana, pale biro? Jana ningeandika barua ingine. Sasa umeniambia hapa. Lililosemwa hapa linakwenda kwa Mungu, halirudi kwa Askofu. Siwezi kuliandika, siwezi kulitumia, siwezi hata kukuangalia kwa jicho la kulijua. Mimi sikusikia kitu."

"Lakini umesikia, Padri."

"Sikusikia. Njo sheria."

Noëlla aliinamisha kichwa. Alifikiria suruali nyeusi. Alifikiria kikapu cha Tantine, kilichobaki samaki watatu na mikia.

"Malipizi yako," alisema Padri, "ni rozari moja nzima. Umwombe Mama Maria radhi."

"Yeye anajua, Padri. Njo maana alikonyeza."

Kikohozi tena, kirefu zaidi. Padri akamwondolea dhambi zake kwa haraka kidogo, kama muntu anayetaka kufunga mlango kabla mvua haijaingia. Nje ya kanisa wanaume walikuwa wanaimba. Tofali, tofali, tofali. Kutoka pale alipopiga magoti Noëlla aliweza kuona, katikati ya pazia na mbao, kwamba ukuta ulikuwa umefika kwenye madirisha, na kwamba mpaka kesho saa nne ungekuwa umefika kwenye paa.

Hakuinuka. Alisogeza mdomo mpaka karibu na wavu.

"Padri, sasa nimekwisha kuungama. Sina dhambi. Nikitoka hapa nitakwenda kukaa kwenye benchi mbele ya biro yako, nitakungoja. Utakapofika nitakuambia tena maneno yaleyale, pale, mbele ya dirisha, na Norbert asikie. Nakuomba jambo moja tu. Utanisikiliza?"

Upande wa pili Mama Pascasie alikohoa kwa nguvu, kama muntu mwenye haki ya kukohoa. Nje wimbo ulifika kwenye kiitikio. Padri Urbain alikuwa ameshika kidirisha kwa mkono mmoja, hakukifungua zaidi, hakukifunga, na Noëlla akangoja.