Apdeti Saba za Mhoja

Miaka kumi na minne Mwalimu Machibya alifundisha kompyuta kule Usagara, na kompyuta yenyewe ilikuwa moja tu, imefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule na kufunikwa kitambaa. Basi mwalimu alichora kibodi ubaoni kwa chaki, herufi kwa herufi, na wanafunzi wakaja mbele mmoja mmoja kuigusa. Usicheke. Wengi walifaulu mtihani. Shida ni kwamba mwalimu naye alijifunzia hapohapo ubaoni, na hilo alilijua yeye na Mungu wake.

Siku hizi amestaafu, anakaa Ilemela, mtaa mmoja na Mhoja, mwanamke aliyekuwa mwanafunzi wake. Mhoja ana chumba cha kudarizi. Mashine yake inapokea michoro kutoka kwenye kompyuta iliyozeeka, kwa waya ulioizidi kompyuta kwa uzee. Jumatatu hiyo alikuwa na sare sitini za kwaya za kutiwa msalaba kifuani, na kompyuta ikamletea orodha ya apdeti saba, yaani masasisho ya programu zake. Kwa heshima, akamwita mwalimu wake.

"Shikamoo mwalimu. Nafasi imebaki kidogo humu ndani ya kompyuta. Sijui niweke zipi, niache zipi."

"Marahaba. Hebu sogea."

Akavaa miwani, akasoma orodha juu mpaka chini huku akitikisa kichwa. Ukweli alielewa mbili tu, zile za usalama. Ya tano iliandikwa kwamba ni ya hiari, na ilitaja waya. Mtu mwingine angesema, hapa sina uhakika. Lakini Mhoja alikuwa amesimama mikono nyuma, vilevile alivyosimama kidato cha pili, na mzee wa watu akanogewa na kule kusubiriwa.

"Weka zote," akasema. "Kwani ng'ombe ukimpeleka kwenye chanjo unachagua sindano?"

"Hata hii ya tano, mwalimu?"

"Nimesema zote."

Mhoja akafungua mdomo, akaufunga. "Sawa, mwalimu." Akabonyeza.

Kazi hiyo iliendelea mpaka mchana. Kompyuta ilipowaka, Mhoja akatuma msalaba, mashine ikakaa kimya. Akatuma tena, kimya kilekile. Sasa sikia alichosema mtu mzima mwenye wajukuu.

"Wewe, umebonyeza nini?"

"Labda nimekosea mahali. Nisamehe, mwalimu."

"Uwe makini," akasema, akachukua kofia yake akaondoka. Ndiyo, aliondoka, jamani, akamwacha na sare sitini.

Jumatano alipita pale mlangoni akijifanya ana safari zake. Mhoja alikuwa anadarizi kwa mkono, vidole vimefungwa plasta, na alikuwa kwenye sare ya tatu. Mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja asiye na mzaha, alikuwa amesimama mbele yake.

"Kesho jioni tusipozipata tunachukua vitambaa vyetu," alisema yule mama. "Na usitegemee kazi nyingine ya kanisa."

"Ni kosa langu, mama. Nilibonyeza nisichokijua."

Machibya alisikia kila neno. Angeweza kusema palepale. Badala yake akawasalimia, akauliza habari za nyumbani, akapita. Roho ilimsuta njia nzima mpaka akashindwa kuendelea, akasimamisha bajaji, akaenda Nyamagana kwa Shamsa, fundi wa kompyuta.

"Kuna jamaa yangu mmoja," akaanza, na akaeleza yote kana kwamba ni ya huyo jamaa.

Shamsa alimsikiliza mpaka mwisho. "Hiyo ya waya haikutakiwa, baba. Waya za zamani haziiwezi. Mwambie huyo jamaa yako aitoe, arudishe ya mwanzo. Ni dakika tano tu." Akamwandikia hatua kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, kama anavyoandikiwa mtoto. Machibya akajua ameshajulikana, akashukuru huku anatazama viatu vyake.

Alhamisi asubuhi alifika kwa Mhoja, karatasi ameificha kiganjani. Akafuata hatua moja moja. Sindano ikashtuka, ikaanza kwenda. Mhoja akapiga makofi, na majirani wawili wakaja kuchungulia.

"Mnamwona?" akawaambia. "Huyu ndiye mwalimu wangu. Mimi niliharibu, yeye katengeneza."

Sifa hizo alikuwa amezitamani maisha yake yote. Sasa zimekuja, na hakuna hata moja iliyokuwa haki yake.

"Hukuharibu wewe," akasema. "Niliharibu mimi. Sikuijua ile apdeti, nikajifanya naijua, halafu nikakusingizia. Hata hiki nilichofanya sasa hivi nimeandikiwa na binti wa Nyamagana." Akaweka karatasi mezani.

Majirani wakakumbuka wana kazi kwao. Mhoja hakushangaa, na hilo ndilo lililomchoma mzee.

"Najua, mwalimu."

"Unajua nini?"

"Namna ya kurudisha ile ya mwanzo ndiyo sikujua. Lakini iliandikwa ni ya hiari, tena ya waya, na waya wetu ulikuwa mzima. Nilitaka tuiache."

"Sasa mbona uliiweka?"

Mhoja akaangalia vidole vyake. "Ulishasema zote. Ningekubishiaje?"

Sindano ilikuwa inaendelea na msalaba wa nne. Kwenye kioo cha kompyuta ikatokea apdeti nyingine, iliyoingia asubuhi hiyo, na Mhoja kwa mazoea akamgeukia.

"Na hii, mwalimu? Tuiweke?"

"Sijui," akasema Machibya. Neno lilitoka kwa taabu. "Wewe unaonaje?"

Mhoja akasoma polepole. Akamtazama mwalimu, akatazama kioo, akamtazama tena.

"Mimi naona," akasema, "tuiache."

Sauti yake ilitetemeka. Mwanamke wa miaka thelathini na nane, ndani ya chumba chake, mbele ya mashine yake, alikuwa anatetemeka kwa kutoa maoni. Machibya aliisikia ile sauti, na akaona aibu kuliko siku zote nne zile.